Uzi maalumu: kukusanya vitabu vya picha vya zamani bila kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Lenzi Kuukuu

Wakuu, salaam. Maswali haya nimeyajibu vipande vipande kwa miaka, mara kwa huyu, mara kwa yule, leo nimeona niyamwage yote sehemu moja. Tunazungumzia vitabu vya picha vya zamani. Vya kufundisha kupiga picha havimo humu, wala albamu za harusi. Nasema vile ambavyo mpiga picha alikaa chini, akachagua, akapanga picha moja baada ya nyingine, akabishana na mchapaji, na kilichotoka kiwandani ndiyo kazi yake yenyewe.

Naanza na aibu yangu ili wengine mcheke mapema.

Kitabu cha kwanza nilichonunua kwa hela iliyoniuma kilikuwa American Photographs cha Walker Evans. Kilitolewa 1938 na Museum of Modern Art ya New York, kina picha 87. Muuzaji aliandika "1938, toleo la kwanza". Kilipofika nilikifungua taratibu kama mtu anayepokea kichanga. Karatasi nyeupe pee, mgongo umekaza, hata harufu ya uzee haina. Nikajisemea, kumbe duniani kuna watu wanajua kutunza! Nikakaa nacho wiki mbili nikijisifu. Siku moja nasubiri maji yachemke, nikakifungua ukurasa wa hakimiliki bila sababu yoyote, macho yakashuka hadi chini kabisa kwenye herufi ndogo, nikaona: ISBN.

Wakuu, 1938 hapakuwa na ISBN. Namba hizo za kutambulisha vitabu zimekuwa kiwango cha kimataifa 1970. Nilichoshika mkononi kilikuwa chapa ya 1988.

Muuzaji sijamwita mwizi. Aliona 1938 imeandikwa pale, akainakili. Kosa ni langu niliyesahau kwamba mwaka wa hakimiliki unakwambia haki ilianza lini, haukwambii nakala uliyonayo imetoka mashineni lini. Kitabu kinaweza kurudiwa mara kumi na ule mwaka ukabaki palepale unakutazama.

Kwa hiyo kabla ya yote, mwombe muuzaji akupigie picha ukurasa huo. Akisuasua, achana naye. Ukiupata, tafuta ISBN. Ikiwa na tarakimu 13, unatazama kitabu kilichochapwa karibu na 2007 au baada ya hapo, maana ndipo mfumo ulipohama rasmi kutoka tarakimu 10. Tafuta pia mstari wa namba, ule wa 10 9 8 7 na kuendelea, ambao wachapishaji wengi walianza kuutumia baadaye: kwa kawaida namba ndogo kabisa iliyobaki ndiyo chapa uliyonayo. Kama ndogo ni 4, hiyo ni chapa ya nne, hata muuzaji aape.

Itaendelea, nimeitwa.

Msomaji Kimya

Mkuu uzi mzuri, naweka kambi. Ila nina swali la kijinga. Picha si zilezile? Kama nia ni kumwona Walker Evans, hiyo ya 1988 ina ubaya gani? Unaniambia nitafute karatasi kuukuu yenye vumbi kwa sababu ya tarehe tu?

Lenzi Kuukuu

Swali lako siyo la kijinga, ndilo swali lenyewe. Na jibu langu litawaudhi baadhi ya wakusanyaji humu: mara nyingine ya 1988 ndiyo nzuri zaidi kuitazama. Teknolojia ya kuchapa ilisonga mbele, na negativu, zile filamu zenyewe, au picha za awali zikipigwa upya kwa uangalifu unaweza kuona vitu kwenye vivuli ambavyo 1938 vilizama.

Lakini "picha zilezile" ni maneno ya kuchunga. Chukua The Americans cha Robert Frank. Kilitoka kwanza Paris 1958 kwa mchapishaji Delpire, kwa jina la Les Américains. Picha 83. Mkabala na picha pamejaa maandishi kuhusu Marekani, yaliyokusanywa na Alain Bosquet kutoka kwa waandishi mbalimbali. Ukikisoma hicho unapata kitabu kinachoieleza nchi, picha zikiwa mashahidi wake. Mwaka mmoja baadaye Grove Press ya New York wakakitoa kwa Kiingereza: picha zilezile 83, mpangilio uleule, lakini maandishi ya Bosquet yote yamefagiliwa. Kushoto ukurasa mtupu wenye maelezo mafupi ya mahali, kulia picha, na mwanzoni utangulizi wa mwandishi Jack Kerouac. Basi. Hakuna anayekushika mkono tena. Unafungua, kimya, picha. Unafungua, kimya, picha.

Ukiviweka viwili hivyo mezani ubavu kwa ubavu, hutauliza tena kama ni kitu kimoja.

Halafu nenda toleo la mchapishaji Steidl la 2008, ambalo Frank mwenyewe alilisimamia. Picha nyingi zimeonyeshwa bila kukatwa pembeni kama zamani, na mbili zimebadilishwa kabisa. Mtu mmoja, kitabu kimoja, miaka 50, akaamua upya. Mimi nayapenda yote matatu kwa sababu tofauti, na sijawahi kushika lile la Delpire isipokuwa kwenye meza ya maktaba, mlinzi akinitazama.

Chumba Cheusi

Nimefanya kazi ya uchapaji zaidi ya nusu ya maisha yangu, naomba niongeze kwenye suala la "picha zilezile", maana watu hulipita haraka.

Nunueni lenzi ndogo ya kukuzia, ya mara kumi inatosha. Iwekeni juu ya sehemu nyeusi ya picha, mfano koti la mtu au mlango wenye kiza. Mkiona vitone vilivyopangwa kama askari, vikubwa penye giza na vidogo penye mwanga, hiyo ni picha ya vitone, iwe imechapwa kwa mashine za zamani za kugandamiza au kwa ofseti, ile ambayo wino hupitia kwenye mpira kabla ya kufika karatasini. Wino ni uleule kila mahali. Jicho linadanganywa na ukubwa wa kitone.

Gravua ni habari nyingine. Pale bamba la shaba linachimbwa vishimo, na kina cha kishimo ndicho kinachoamua: kirefu kinabeba wino mwingi, kifupi kidogo. Karatasi ikigandamizwa inavuta wino kutoka kwenye vishimo. Kwa hiyo penye giza kuna wino mwingi kwelikweli, mwingi kwa ujazo. Chini ya lenzi utaona wavu mwembamba tu, na penye giza zito hata wavu wenyewe unapotea kwa sababu wino umemwagikiana. Ndiyo maana watu husema ule weusi ni kama mahameli.

Shikeni Paris de nuit cha Brassaï mkipata bahati. Kimetoka mwishoni mwa 1932, kimefungwa kwa waya wa mzunguko kama daftari la michoro, na picha zinafika hadi ukingo wa karatasi bila mpaka mweupe. Usiku wa Paris unamwagika mpaka kwenye vidole vyako. Hilo nalisema kama lilivyo: wino wa gravua umekaa juu kama unga laini na unachubuka. Nakala nyingi zina mikwaruzo kwenye kingo, na matundu ya waya yamechanika. Ukiona nakala safi kupita kiasi, uliza mara mbili.

Miaka ya 1970 gravua ilishakuwa gharama ambayo wachapishaji wengi hawakuitaka, ofseti ikashika. Siisemi vibaya ofseti, imenilisha. Mchapaji hodari anapitisha karatasi mara mbili au tatu, mweusi na kijivu tofauti, na matokeo yake yanaweza kukuliza. Ila mchapaji mvivu, kwa ofseti, atakupa picha ya rangi ya majivu ya jana.

Lenzi Kuukuu

Mzee wangu, "majivu ya jana" naiiba.

Ongezeni na hili: kuna chapa za miaka ya 1970 na 1980 ambazo hazikutengenezwa kutoka kwenye negativu wala picha halisi. Mtu alichukua kitabu cha zamani, akakipiga picha ukurasa kwa ukurasa, akachapa. Vitone juu ya vitone. Chini ya lenzi utaona vimekutana vibaya na kufanya mawimbi au miraba ya ajabu angani kwenye picha. Hicho hata ukipewa bure, kiweke cha kujifunzia.

Binti Rafu

Wakaka na wazee, mmesahau kidonda changu: kurasa zilizokatwa.

Niliwahi kununua Urformen der Kunst cha Karl Blossfeldt. Ni kitabu cha 1928 cha mimea iliyopigwa kwa karibu sana, kwa gravua, vibao vya picha 120 vyenye namba. Jalada zuri, mgongo mzima, muuzaji kasema "kimekamilika". Nikakifurahia jioni nzima. Kesho yake nataka kumwonyesha rafiki yangu jani moja lililojikunja kama fimbo ya askofu, silioni. Nikadhani nimepitiliza. Nikarudi nyuma, nikaenda mbele. Ndipo nikaanza kusoma namba chini ya picha, nikaona zinaruka.

Nikakifungua wazi kabisa mpaka kwenye mshono. Pale ndani, ukingo mwembamba wa karatasi upana wa kucha ya kidole, umekatwa kwa wembe ulionyooka kama umepimwa kwa rula. Saba. Aliyefanya hivyo alijua kazi yake: alichagua zile nzuri. Leo ziko ndani ya fremu ukutani kwa watu wanaoamini wamenunua "picha halisi ya Blossfeldt".

Muuzaji nilipomwandikia alisema yeye alikihesabu. Labda alihesabu kwa kukitazama.

Lenzi Kuukuu

Pole dada. Na kibaya zaidi, biashara hiyo ina historia. Camera Work, jarida la Alfred Stieglitz lililotoka 1903 hadi 1917, matoleo 50, lilikuwa na gravua zilizochapwa kwa mkono, nyingine kwenye karatasi nyepesi ya Kijapani iliyobandikwa juu ya ukurasa. Mamia ya nakala zimechinjwa kwa sababu picha mojamoja zinauzika haraka kuliko jarida zima. Mimi kukata kitabu kizima naona ni sawa na kuua ng'ombe kwa ajili ya ulimi.

Kwa hiyo kabla hujalipa, jua kitabu kinapaswa kuwa na picha ngapi, na hesabu. Moja, mbili, tatu, kwa kidole. Kama unanunua kwa mbali, mwombe muuzaji ahesabu na akuandikie idadi. Neno "kimekamilika" peke yake halina namba ndani yake.

Na kuhesabu hakuishii kwenye picha. The Decisive Moment cha Henri Cartier-Bresson, chapa ya Simon & Schuster ya 1952, kiliwekewa kijitabu chembamba cha maelezo ya picha ambacho hakijashonwa humo. Kinadondoka, kinapotea, kinatumika kuwekea alama kwenye kitabu kingine. Kitabu cha William Klein kuhusu New York cha 1956 nacho kilikuwa na kijitabu chake cha maelezo. Vitabu vya Japani vingi vilivaa ukanda wa karatasi kiunoni, unaoitwa obi, na vingine viliingia ndani ya boksi lake. Wenye navyo enzi hizo walitupa ukanda kama tunavyotupa karatasi ya pipi. Nani angewalaumu?

Jalada la nje la karatasi, lile linalovuliwa, ndilo linaloumiza zaidi. Kitabu cha Cartier-Bresson kimepambwa na mchoraji Matisse, michoro ya kukata karatasi, na kwa ukubwa wa kitabu kile lazima mgongo uchanike juu na chini. Nakala nzima utaziona, lakini andaa moyo.

Faida Kwanza

Wakuu habari zenu. Nimewasoma wote. Mimi swali langu fupi: nikinunua leo, baada ya miaka mitano nauza na faida kiasi gani? Mnitajie vitabu vitatu tu.

Binti Rafu

Huyu kaja na mfuko wake.

Lenzi Kuukuu

Mwacheni, kila mmoja wetu amewahi kuuliza hivyo moyoni.

Ndugu, nikwambie bei za vitu hivi zilivyopanda, halafu utajijibu. Kabla ya mwaka 2000 vitabu vingi tunavyovitaja humu vilikuwa vinakaa kwenye rafu za chini za maduka ya vitabu vilivyotumika, kati ya mapishi na safari. Mwaka 2001 Andrew Roth akatoa orodha ya vitabu 101 vya karne ya 20. Mwaka 2004 Martin Parr na Gerry Badger wakatoa juzuu ya kwanza ya The Photobook: A History, ya pili ikafuata 2006, ya tatu 2014. Ghafla wauzaji wakawa na orodha ya kunukuu. Kitabu kikitajwa mle, kesho yake tangazo linaandikwa "kimo ndani ya Parr na Badger", na bei inavaa viatu vipya.

Ukishaona kitabu kimeandikwa hivyo, faida ameshaichukua mwingine. Wewe unamlipia ada ya kusoma.

Na thamani ina tabia ya ukorofi. Ed Ruscha alichapa Twentysix Gasoline Stations 1963, nakala 400 zenye namba. Kijitabu kidogo cha vituo vya mafuta, hakuna mbwembwe. Akakipeleka Library of Congress, wakakirudisha, hawakitaki. Yeye akachukua kukataliwa huko akakutangaza kwenye jarida la sanaa. Leo watu wanapigana minadani kwa kile ambacho maktaba kubwa kuliko zote ilikirudisha kwa posta. Nani 1963 angekutajia hicho katika vitatu vyako?

Ukitaka faida nunua kitu unachokielewa. Ukitaka kitabu cha picha, karibu.

Chumba Cheusi

Hapo kwenye orodha napingana na wewe kidogo, mleta uzi. Unazisema kana kwamba zimeharibu. Kabla ya orodha hizo vitabu hivi vilikuwa vinatupwa. Kiwandani kwetu nimeona kwa macho yangu vikisagwa kuwa karatasi mpya. Parr mwenyewe alikusanya kama vitabu 12,000, na mkusanyiko huo ukaingia Tate, makumbusho ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017. Sasa mwanafunzi yeyote anaweza kwenda kuvisoma. Bila ule wazimu wake wa kununua, nusu tusingejua vilikuwepo. Hasa vya Japani na Amerika Kusini.

Lenzi Kuukuu

Nakubali nusu. Hasira yangu ni kwa mtu anayenunua orodha badala ya vitabu. Ana Chizu cha Kikuji Kawada kimefungwa ndani ya plastiki, hajakifungua hata mara moja. Kitabu hicho kilitoka tarehe 6 Agosti 1965, miaka 20 kamili baada ya bomu la Hiroshima, na kimetengenezwa ili kurasa zake zifunguke pande mbili kama milango. Unafungua mlango, ndani kuna kuta za jengo lililoungua, madoa, mabaki. Ukiacha kufungua milango hiyo umenunua tofali.

Msomaji Kimya

Sawa, nimeelewa kwa nini. Sasa mimi ambaye mfuko wangu unapiga filimbi nianzie wapi? Hivyo mnavyotaja naona ni vya kuota.

Lenzi Kuukuu

Anzia kwenye vile vilivyochapwa kwa wingi. The Family of Man, kitabu cha maonyesho ya Edward Steichen ya 1955, picha 503 kutoka nchi 68. Kimechapwa na kuchapwa tena tangu hapo, nakala zake zimejaa kila mahali, na wakusanyaji wengi wanakipuuza kwa sababu hakiwezi kuwa adimu. Wengine wanakiona kinabembeleza mno, na mimi kuna kurasa nazivuka haraka. Lakini kama unataka kujifunza jinsi picha mbili zikikutanishwa zinavyozaa ya tatu kichwani mwako, hakuna darasa rahisi kuliko hilo. Tafuta chapa za zamani, zipime kwa lenzi dhidi ya za karibuni.

Kingine ni The Sweet Flypaper of Life, picha za Roy DeCarava na maneno ya Langston Hughes, 1955. Ni kidogo, kinaingia mfukoni mwa koti. Simulizi ya bibi mmoja wa Harlem, mtaa wa New York, inaanzia juu ya jalada lenyewe, hata kabla hujafungua. Chapa ya kwanza ni ngumu kupata safi, lakini kimerudiwa mara kadhaa.

Halafu usidharau nakala zilizotoka maktaba. Zina mihuri, mfuko wa kadi nyuma, namba mgongoni. Wakusanyaji wanakunja pua. Wewe unapata picha zote kwa sehemu ndogo ya gharama, na ule muhuri ni ushahidi kwamba kuna watu walikisoma.

Ninachokuomba tu: jifunze lugha ya wauzaji. Ngazi zao zinaanza juu sana, na "nzuri" iko karibu na mwisho. Kitabu kikitajwa kuwa katika hali "nzuri", tegemea kona zilizogongwa, jina la mtu kwa peni, na mgongo uliochoka.

Na kuna vitabu ambavyo sijali hali yake. House of Bondage cha Ernest Cole ni kimojawapo. Cole aliondoka Afrika Kusini 1966 na picha za maisha ya mtu mweusi chini ya ubaguzi: vitambulisho vya pasi, migodi, treni, wafungwa, watoto darasani wakiandika wamepiga magoti. Random House ya New York ikakitoa 1967, na serikali ya kwao ikakipiga marufuku. Hakurudi nyumbani, alifariki New York 1990. Mwaka 2017 negativu zake zaidi ya 60,000 zikaibuka kwenye benki moja Sweden. Wachapishaji Aperture wakakichapa upya 2022 na kuongeza sura ambayo Cole aliiandaa na haikuwahi kutoka. Hapa nakwambia waziwazi: nunua hiyo ya 2022, ina kitu ambacho ya 1967 haina. Ukikutana na ya 1967 imechakaa, imeshikwa na mikono mingi, ichukue pia. Kitabu kilichopigwa marufuku kikiwa kimechakaa maana yake kilifanya kazi.

Paa Bovu

Wakuu naomba msaada wa haraka. Mvua imeingia usiku, rafu ya chini imelowa. Vitabu vinne. Vitatu nimevisimamisha vimeanza kukauka vizuri, lakini kimoja chenye karatasi za kung'aa kurasa zimeanza kushikana. Nivute taratibu au nisubiri zikauke?

Chumba Cheusi

USISUBIRI na USIVUTE. Karatasi ya kung'aa imepakwa udongo laini na gundi. Ikilowa, ule mpako unalainika. Ikikauka imefungwa, kurasa zinakuwa ubao mmoja na hakuna fundi wa kuzitenganisha. Zile ambazo bado zinafunguka zenyewe, weka karatasi isiyoshika kati yake, ile ya kuokea mikate inafaa. Zilizoanza kushikana, kifunge kitabu kwenye mfuko wa plastiki kikiwa na maji yake hivyohivyo, ukitie kwenye friza. Sasa hivi. Barafu inasimamisha kila kitu, na mtaalamu wa kuhifadhi karatasi ana mashine ya kukausha kutoka kwenye barafu bila maji kurudi kuwa maji. Una saa chache tu.

Paa Bovu

Kipo kwenye friza kati ya samaki. Nimekifunga mifuko mitatu.

Binti Rafu

Mungu akisimamie.

Lenzi Kuukuu

Wakati Paa Bovu anapumua, nigusie utunzaji kwa ufupi. Rafu ya chini iinue kutoka sakafuni. Vitabu vipana na vizito vilaze, maana vikisimama kurasa zinavuta mgongo kwa uzito wake. Mbali na dirisha. Unyevu wa hewa usipande zaidi ya asilimia 60, ukungu hauhitaji mwaliko. Kitabu kipya kikiingia nyumbani kinanuka kama chini ya godoro la kale, kiweke peke yake kwanza.

Selotepu kwenye jalada lililochanika, hapana. Leo inashika, miaka kumi gundi imegeuka rangi ya chai na imepenya karatasini. Livishe jalada karatasi angavu ya poliesta, ile isiyo na plastiki ya PVC.

Na glavu nyeupe za sinema, ziacheni. Maktaba kubwa kama British Library huelekeza mikono iliyooshwa na kukaushwa kwa vitabu. Ukiwa na glavu huhisi ukingo wa karatasi, na ndivyo unavyochana.

Msomaji Kimya

Wakuu, nimerudi. Nimekipata kimoja, sikitaji bado nisije nikajichekesha. Nimefuata darasa. Ukurasa wa hakimiliki una mwaka mmoja tu, 1956. ISBN hakuna. Mstari wa namba hakuna. Lenzi nimeweka kwenye kofia ya mzee mmoja: wavu mwembamba, weusi umezama, vitone sivioni. Moyo unapiga.

Ila jalada la nje la karatasi ni safi mno. Na nyuma yake kuna msimbo wa milia.

Binti Rafu

Ha!

Lenzi Kuukuu

Pole na hongera kwa pamoja. Milia hiyo haikuwepo kwenye vitabu 1956. Kitabu ni chake, koti ni la mwingine. Mtu alichukua jalada la chapa ya baadaye akalivisha cha zamani. Wengine hufanya kwa hila, wengine kwa huruma tu, wamepata kitabu kiko uchi wakakivisha. Livue, uangalie chini yake.

Msomaji Kimya

Nimelivua. Jalada gumu la kitambaa cheusi, mgongo umefifia kidogo hadi kahawia. Jina la mpiga picha limegandamizwa bila rangi, unalisoma kwa kidole.

Chumba Cheusi

Ndivyo linavyopendeza. Liache hivyohivyo uchi.

Lenzi Kuukuu

Picha ngapi?

Msomaji Kimya

Nahesabu mkuu. Nimefika 41, namba hazijaruka.